Lile shimo jeusi la katikati ya galaksi halitatumeza, kazi yake ni nyingine kabisa (uzi mrefu)

Fundi Redio Ngamiani ameandika:

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu shikamooni.

Juzi umeme ulikatika huku Ngamiani kuanzia magharibi. Nikafunga kibanda, nikafika nyumbani nikamkuta mpwa wangu, yuko darasa la sita, amejikunyata ndani peke yake wakati wenzake wote wako uani wanacheza. Kulikoni? Akanionyesha simu ya mama yake. Kumbe kuna sauti inazungushwa kwenye makundi ya WhatsApp, jamaa anaongea kwa kishindo kwamba katikati ya galaksi yetu kuna shimo jeusi, limeshameza mamilioni ya nyota, linazidi kunenepa, na siku si nyingi litafika kwetu. Mtoto akaniuliza: "Mjomba, zamu yetu lini?"

Swali hilo ndilo limenifanya niandike uzi huu. Sauti ile ina neno moja tu la kweli, kwamba shimo lipo. Mengine yamegeuzwa kichwa chini, na ukweli wenyewe ni mkubwa na mzuri kuliko hicho kitisho.

Nianzie nilikoanzia mimi, kwenye mkwaruzo. Fundi redio maisha yake yote ni kupambana na mkwaruzo. Mwaka 1932 kule Marekani, mhandisi Karl Jansky wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu, alikuwa na kazi kama yangu: atafute kelele zinazoharibu simu za redio za kuvuka Atlantiki. Akaunda antena ndefu, akaipandisha juu ya magurudumu ya gari la Ford ili izunguke. Akakuta mkwaruzo wa radi za karibu, mkwaruzo wa radi za mbali, na wa tatu mwembamba usio na mwenyewe. Huo wa tatu ulikuwa unawahi dakika 4 kila siku. Jua haliwahi hivyo. Nyota ndizo zinazochomoza mapema kwa dakika 4 kila siku. Akaufuata mpaka kwenye kundi la nyota la Mshale, katikati ya Njia Nyeupe, ndiyo galaksi yetu hii, akatangaza mwaka 1933. Mwaka 1974 Bruce Balick na Robert Brown wakapata, ndani ya eneo hilohilo, kitone kidogo sana cha redio. Leo kinaitwa Sagittarius A*, na ndilo shimo lenyewe. Mimi kila nikisikia redio inanguruma katikati ya stesheni mbili, huyu Jansky hanitoki akilini.

Sasa tulipime. Uzito wake ni kama majua milioni 4. Inatisha ukiisema peke yake. Lakini mduara wa kutorudi, ule ambao kikiupita kitu hakitoki tena hata kiwe mwanga, una upana wa kilomita kama milioni 25 tu. Ungeliweka mahali pa jua letu, Zebaki, sayari iliyo karibu zaidi na jua, bado ingekuwa nje. Na galaksi ina upana wa miaka ya nuru 100,000 (mwaka mmoja wa nuru ni umbali ambao mwanga unakwenda kwa mwaka mzima). Tandaza galaksi nzima kutoka Tanga mpaka Dar es Salaam kwa barabara: shimo litakuwa dogo kuliko chembe ya vumbi, halifiki hata sehemu ya mia ya milimita moja. Sisi tuko umbali wa miaka ya nuru 26,000 na ushei kutoka hapo.

Na mvutano wake hauna uchawi. Ukibadilisha jua leo ukaweka shimo jeusi la uzito uleule, dunia itaendelea kulizunguka njia ileile (tutakufa kwa baridi, lakini hatutavutwa). Kinacholishika jua letu lizunguke galaksi kwa miaka kama milioni 230 kwa mzunguko mmoja ni uzito wa nyota zote, gesi yote na ile mada ya giza isiyoonekana, vyote kwa pamoja. Mchango wa shimo humo haufiki hata sehemu moja kwa elfu kumi. Likitoweka usiku huu, jua halitajua. Amri ya mvutano wa shimo inaishia miaka ya nuru michache tu kutoka lilipo.

Kwa hiyo kama ni kumeza, chembe ya vumbi haiwezi kumeza barabara ya Dar. Hilo nilimwambia mtoto akatulia, akatoka nje.

Lakini wakuu, hapo ndipo mambo yanapoanza. Maana vumbi hilohilo lina uwezo wa kuamua kama galaksi itaendelea kuzaa nyota au itakoma. Halifanyi kwa kumeza. Linafanya kwa kile kinachoshindwa kuingia.

Gesi ikielekea shimoni haianguki moja kwa moja kama jiwe kisimani. Inakuja na mzunguko wake, kwa hiyo inajipanga sahani, inazunguka, tabaka linasuguana na tabaka, inapata moto mpaka inaweza kung'aa kupita nyota zote za galaksi kwa pamoja. Nyota inapochoma haidrojeni, katika kila kilo 1,000 ni kilo 7 tu zinazogeuka nishati. Gesi inayozama kuelekea shimo jeusi inaweza kutoa kilo 100 katika hizo 1,000. Hakuna tanuri lingine linalojulikana lenye gesi nyingi kiasi hicho likachoma namna hiyo. Ukijumlisha nishati yote iliyotoka wakati shimo kubwa linakua, inazidi makumi ya mara ile inayotosha kuifumua gesi ya galaksi nzima ikatawanyika.

Nishati hiyo inatoka kwa njia tatu: mwanga wenyewe unaosukuma, upepo wa gesi unaovuma kutoka kwenye sahani, na mikondo miwili inayofyatuka juu na chini kwa kasi inayokaribia ya mwanga, kama maji ya mpira uliobanwa mdomo kwa kidole. M87, galaksi kubwa iliyoko kundi la Mashuke, miaka ya nuru milioni 55 kutoka hapa, ina mkondo wa urefu wa miaka ya nuru 5,000 hivi. Heber Curtis aliuona mwaka 1918, akaona mstari mnyoofu unatoka katikati ya galaksi asijue ni nini.

Sasa huo moto unaizuiaje galaksi isizae nyota? Hapa ndipo nilipomchukua mpwa wangu jikoni.

Mama yangu ana chupa ya mafuta ya nazi, ya kukamua mwenyewe, inakaa kwenye ukingo wa dirisha. Tanga mnaijua, mwezi wa saba alfajiri kibaridi cha kipupwe kikiingia, mafuta yanaganda, yanakuwa meupe kama samli, inabidi uchokonoe na kijiti. Chupa hiyohiyo ukiisogeza karibu na jiko la mkaa haigandi. Jiko ni dogo, liko pembeni, haliigusi chupa. Lakini joto lake linatosha mafuta yabaki maji usiku kucha.

Nyota ni gesi iliyoganda kwa maana hiyo. Wingu la gesi lazima lipoe kupita kiasi, nyuzi 250 na zaidi chini ya sifuri, ndipo mvutano wake wenyewe uweze kulikunja likawa nyota. Gesi ya moto inafura, inakataa kukunjwa. Shimo jeusi ni lile jiko. Linaipasha gesi ya galaksi, na inapozidi linaipeperusha nje kabisa. Galaksi inabaki na nyota zake za zamani, nyekundu, zinazeeka bila wadogo zao kuzaliwa.

Nimewasilisha. Mwenye swali aulize, na mwenye kujua zaidi aongeze.

Binti Makorora ameandika:

Uzi mzuri kaka. Ila hapo kwenye kutoa nimekwama. Umesema hata mwanga hautoki. Halafu unasema unatoka mkondo wa miaka ya nuru 5,000. Sasa unatoka wapi kama hakuna kinachotoka?

Fundi Redio Ngamiani ameandika:

Dada umegusa penyewe. Hakuna hata chembe moja inayotoka ndani. Vyote nilivyotaja vinatoka nje ya ule mduara, kwenye gesi ambayo bado haijaingia.

Umeshawahi kumenya mihogo mingi kwa haraka? Maganda yanaruka kila upande, ndani ya sufuria kinaingia kidogo. Sahani ile ni hivyo. Gesi ili iteremke lazima ipoteze mzunguko wake, na mzunguko haupotei hewani, lazima mwingine aubebe. Kwa hiyo kwa kila kinachoingia kuna kinachosukumwa nje. Nguvu za sumaku zilizonaswa kwenye sahani zinajisokota kama kamba ya ndoo ya kisimani, na shimo lenyewe likiwa linazunguka linazidi kuzisokota, zinafyatua gesi kupitia juu na chini ambako hakuna kizuizi. Mkondo unachota nguvu kwenye mzunguko huo. Tumbo la shimo halihusiki.

Mkonge Mkavu ameandika:

Mkuu mimi siamini vitu visivyoonekana. Hakuna aliyefika huko. Wamepimaje hayo majua milioni 4, kwa mizani gani? Na ile picha ya shimo jeusi, ya duara la moto, si mtu kakaa na kompyuta kachora tu?

Fundi Redio Ngamiani ameandika:

Mgosi, swali lako ni la haki, nalijibu kwa kirefu.

Mizani yake ni nyota. Kuanzia miaka ya 1990 makundi mawili yalikaa yakizipiga picha nyota za katikati kabisa mwaka hadi mwaka. Moja la Reinhard Genzel, kwa darubini za Chile. Jingine la Andrea Ghez, kwa darubini ya Keck kule Hawaii. Wanashindana, kila mmoja anatamani kumkosoa mwenzake. Wote wakaona nyota moja, S2, inazunguka mahali pasipo na kitu kinachoonekana. Inamaliza mzunguko kwa miaka 16. Mwaka 2018 ilipita karibu kabisa na pale mahali kwa kasi ya zaidi ya kilomita 7,000 kwa sekunde. Ni sawa na kwenda Dar kutoka hapa na kurudi mara kumi ndani ya sekunde moja. Ukijua kitu kinazunguka kwa kasi gani na kwa umbali gani, uzito wa kinachokishika unaupata kwa hesabu ileile inayotupa uzito wa jua. Majibu ya makundi yote mawili ni yale yale, majua milioni 4 na kitu. Mwaka 2020 wakapewa Nobeli pamoja na Roger Penrose, ambaye yeye alionyesha kwa hesabu kwamba mashimo haya ni matokeo halali ya nadharia ya Einstein.

Picha sasa. Hiyo naipenda kwa sababu ni kazi ya antena. Ili uone kitu kidogo hivyo kwa mawimbi ya redio unahitaji dishi la ukubwa wa dunia. Hakuna. Wakachukua madishi ya sehemu mbalimbali, Marekani, Meksiko, Chile, Hispania, mpaka Ncha ya Kusini, wakayaelekeza pamoja Aprili 2017, kila moja likirekodi kwa saa ya atomu. Rekodi zilikuwa kubwa hata mtandao haukuweza kuzibeba, zikasafirishwa kwa ndege zikiwa kwenye diski. Za Ncha ya Kusini zilisubiri miezi mpaka baridi ipungue ndege iweze kuruka. Vikundi mbalimbali vikazichambua kila kimoja kivyake bila kuambiana, na vyote vikapata pete. Ya M87 ilitolewa 10 Aprili 2019, ya kwetu 12 Mei 2022. Shimo la M87 ni majua bilioni 6.5, na ukubwa wa pete ulikuwa uleule ambao hesabu zilitarajia.

Kushuku ni vizuri, mgosi. Hata wao walijishuku miaka 2 kabla ya kuonyesha mtu.

Mkonge Mkavu ameandika:

Hapo kwenye vikundi kutoambiana umenijibu. Naendelea kusoma.

Nahodha wa Kigombe ameandika:

Vijana hamjambo. Mimi wa zamani, macho ya simu yananisumbua, mjukuu ndiye anaandika ninayosema.

Nyota sisi tumesafiria. Kilimia tunaijua, tulifundishwa kwamba ikizama kwa jua huzuka kwa mvua, ikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nge tunamjua, na huyo Mshale wazee wetu walimwita Kausi. Nataka kujua hilo shimo liko sehemu gani hasa, nikitoka nje nitazame wapi. Maana miaka yote hiyo nimepita chini yake.

Fundi Redio Ngamiani ameandika:

Shikamoo baba. Ahsante sana kwa kuingia humu, nimefurahi mno.

Mwezi huu wa saba, toka nje kati ya saa nne na saa tano usiku, elekea kusini, kule upepo wa kusi unakotokea. Nge yuko juu sana, karibu na utosi. Fuata mgongo wake, ule moyo mwekundu, shuka na mkia mpaka mwiba. Sasa nyoosha mkono, kunja ngumi. Kutoka kwenye mwiba panda juu kama upana wa ngumi moja, kisha vuta kidogo kushoto kuelekea Kausi. Hapo.

Utaona Njia Nyeupe imenona hapo kuliko pengine pote, imekatwa na michirizi myeusi. Hiyo michirizi ni vumbi, ndilo linalotuzibia. Mwanga wa kawaida kutoka katikati haupiti, ila redio inapita. Ndiyo maana aliyelisikia kwanza ni mtu wa redio.

Nahodha wa Kigombe ameandika:

Marahaba mwanangu. Hapo mahali napajua. Tulikuwa tunapaita pa mawingu.

Mwalimu Muheza ameandika:

Nimefuatilia tangu mwanzo. Nafundisha fizikia, naomba niongeze na nipinge kidogo.

Fundi, mfano wa mafuta ya nazi nitauchukua darasani, nakuomba ruhusa. Ushahidi wake mkubwa ni lundo la galaksi la Perseus, miaka ya nuru kama milioni 250 kutoka hapa. Maelfu ya galaksi yameogelea ndani ya gesi ya mamilioni ya nyuzi joto, inayong'aa kwa eksirei. Gesi inayong'aa inapoteza joto. Kwa hesabu ilitakiwa ipoe na kuanguka katikati, izae nyota za uzito wa mamia ya majua kila mwaka. Haizai. Ni kama unaona maji yanateremka mlimani siku zote na bondeni hakujai. Swali hilo lilisumbua watu miaka mingi.

Darubini ya eksirei ya Chandra ilirushwa mwaka 1999, na ilipotazama Perseus ikaona mapovu. Mapovu makubwa, upana wa makumi ya maelfu ya miaka ya nuru, ndani ya ile gesi, yamepulizwa na mikondo ya shimo jeusi la katikati. Povu likifura linasukuma gesi, gesi inasukuma gesi, na yanatoka mawimbi. Mawimbi ya sauti, kwa maana kamili ya neno sauti: mbano na mlegeo unaosafiri. Mwaka 2003 wakatangaza noti yake, B flat (B iliyoshushwa nusu hatua), oktavu 57 chini ya ile C ya katikati ya kinanda. Wimbi moja mpaka lingine linalofuata ni miaka kama milioni 10. Sauti hiyo ikisambaa inaacha joto njiani, na joto hilo linakaribia kulingana na lile gesi inalopoteza.

Na hapa kuna jambo zuri ambalo Fundi hukuligusa. Jiko lako linajirekebisha lenyewe. Gesi ikipoa, nyingine inateremka mpaka kwa shimo, shimo linapata chakula, linapuliza, gesi inapata moto, chakula kinakatika, shimo linanyamaza. Gesi inapoa tena. Hakuna mtu anayechochea mkaa.

Ninapopinga ni hapa: umeandika kana kwamba kazi yake ni kuzuia tu. Kuna galaksi ya Centaurus A, miaka ya nuru kama milioni 12, huku kwetu kusini tunaiona vizuri. Mkondo wake unapogonga mawingu ya gesi baridi unayabana, na pembezoni mwa mkondo huo kuna nyota changa kabisa. Pale shimo limesaidia kuzaa. Inategemea mkondo umekutana na nini na kwa nguvu gani.

Fundi Redio Ngamiani ameandika:

Mwalimu, ruhusa unayo na zaidi. Na pingamizi lako nalipokea lote, nimejifunza. Nilizoea kuliona jiko tu nikasahau kwamba upepo wa mfua chuma unaweza kuzima na unaweza kuwasha.

Naomba utueleze pia ule uhusiano wa uzito wa shimo na nundu, wewe utaueleza vizuri kuliko mimi.

Mwalimu Muheza ameandika:

Galaksi nyingi kubwa zina nundu katikati, mpira wa nyota za zamani. Mwaka 2000 makundi mawili ya watafiti, kila moja kivyake, yalionyesha kwamba ukipima nyota za kwenye nundu zinakwenda kwa kasi gani, unaweza kubashiri uzito wa shimo lililoko ndani. Nundu kubwa, shimo kubwa. Mara nyingi shimo ni sehemu chache kwa elfu za uzito wa nundu.

Wanafunzi wanasema, sawa mwalimu, kubwa kwa kubwa, kuna ajabu gani? Ajabu ni kwamba nyota nyingi za nundu ziko mbali mno na mvutano wa shimo kuzifikia, kama Fundi alivyoeleza kwa vumbi na barabara. Hazijuani. Lakini zimekua kwa kipimo kimoja. Basi lazima walikula chungu kimoja, au mmoja alimwekea mwenzake mpaka, au yote mawili. Ubishi wa kiasi gani kila moja ilichangia unaendelea mpaka leo, na kuna wanaoona kuungana kwa galaksi mara kwa mara peke yake kunaeleza sehemu kubwa. Galaksi ya M33 haina nundu ya maana, na shimo kubwa wamelitafuta katikati yake hawajaliona.

Binti Makorora ameandika:

Kwa hiyo la kwetu limelala au limekufa? Maana hatuoni mkondo wowote juu ya Nge.

Fundi Redio Ngamiani ameandika:

Limelala. Linapata gesi kidogo sana. Lakini godoro lina alama.

Mwaka 2010 darubini ya Fermi, inayotazama mionzi ya gama, ilionyesha mapovu mawili makubwa juu na chini ya galaksi yetu, kila moja linapanda miaka ya nuru 25,000 hivi. Yanatokea katikati. Wengi wanaona ni pumzi ya shimo letu mamilioni ya miaka iliyopita, wengine wanasema ni mlipuko wa kuzaliwa na kufa kwa nyota nyingi kwa pamoja. Mwaka 2019 MeerKAT, madishi 64 yaliyoko jangwa la Karoo, Afrika Kusini, yakaona mengine madogo zaidi ya redio karibu na katikati. Hilo limefanyika barani kwetu, na ndiyo picha niliyoibandika ukutani kibandani. Katikati ya Njia Nyeupe inapita juu kabisa ya Afrika ya kusini. Wenzetu wa kaskazini wanaiona imeinama karibu na upeo, sisi tunaiona karibu na utosi.

Na kuna mwangwi. Mawingu ya gesi yaliyo jirani na shimo yanarudisha eksirei ambazo shimo lenyewe sasa halitoi. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2023 vinaonyesha kwamba, kwa jinsi tunavyoona kutoka hapa, miaka kama 200 iliyopita lilichangamka kwa muda kisha likatulia tena. Enzi za majahazi ya meno ya tembo hapa pwani, wala hakuna aliyeumwa kichwa.

Kijana wa Raskazone ameandika:

Swali la mwisho mkuu. Likiamka kwa nguvu zote leo, sisi tumekwisha?

Mwalimu Muheza ameandika:

Nijibu kwa niaba yake. Mikondo ingeenda kule inakoelekea, na sisi tuko kwenye bapa la galaksi, umbali wa miaka ya nuru 26,000, nyuma ya vumbi zito. Zamani mashimo makubwa yaliamka sana, kwasari ndizo hizo. Maarten Schmidt alitambua umbali wa moja, 3C 273, mwaka 1963, iko zaidi ya miaka ya nuru bilioni 2 na inaonekana kwa darubini ya kawaida ya mtu wa nyumbani. Kinachobadilika ni maisha ya galaksi kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Kwetu nyota mpya huzaliwa kwa uzito wa jua moja au mawili kwa mwaka. Shimo likiwaka muda mrefu, hiyo idadi ndiyo ingeshuka.

Nahodha wa Kigombe ameandika:

Jana usiku nilitoka na mjukuu. Tukapima ngumi. Tumepaona.

Fundi Redio Ngamiani ameandika:

Baba, ahsante. Nimemsomea mpwa wangu ujumbe wako.

Yeye amefanya lake. Jana kabla ya kulala alimwomba bibi yake chupa mbili ndogo, akagawa mafuta. Moja akaiweka dirishani, nyingine akaiweka hatua mbili kutoka kwenye jiko lenye makaa yaliyofunikwa majivu. Saa kumi na moja alfajiri akaniamsha nikatazame. Ya dirishani ilikuwa nyeupe mpaka shingoni. Ya jikoni ilikuwa maji kabisa, ila chini kabisa, upande usioelekea jiko, palikuwa na kipande cheupe cha ukubwa wa punje ya mtama. Akaniuliza kama na hicho ni nyota.

Nikamwambia ndiyo, ni nyota.